Uso wa Kenji

Aprili 2015, wiki ya pili tangu nifike Yokohama, Japani, watu wa maabara yetu walitukaribisha wageni kwa kinywaji. Baa yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitabu. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa chini kwenye mikeka kuizunguka meza ndefu. Profesa alisema maneno mawili matatu, kisha wote wakainua glasi kwa pamoja: Kampai!

Kenji alikuwa kando yangu. Hilo si jina lake, naomba nimwite hivyo. Chuo kilimpa kazi ya kuniongoza miezi ya mwanzo, kwa hiyo ndiye aliyenipeleka ofisi ya manispaa kujiandikisha, ndiye aliyenisaidia kufungua akaunti benki, ndiye aliyenifundisha siku za kutoa taka za plastiki na siku za taka za kuchoma. Alikuwa na miaka 22, mpole, na hesabu zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale mezani.

Glasi yake ya bia haijafika nusu, nikaona masikio yake yamebadilika rangi. Ikafuata shingo. Halafu mashavu, paji la uso, mpaka kope. Alikuwa mwekundu kama mkrismasi unapochanua Desemba kwetu Moshi. Nilidhani amekabwa na kitu, nikamshika bega. Akatabasamu, akasema hana tatizo, ndivyo alivyo, na baba yake ni hivyo hivyo. Meza nzima ikacheka. Mwanafunzi mmoja aliyemtangulia chuoni akainua chupa, akamjazia tena.

Kule mtu hajimiminii mwenyewe. Unammiminia mwenzako, naye anakumiminia wewe, na mdogo haachi glasi ya mkubwa wake ikauke. Ni desturi nzuri, nami niliipenda mara moja kwa sababu ilinikumbusha nyumbani. Lakini ina upande mwingine: mkubwa akishakumiminia, kukataa ni kazi kubwa. Kenji hakukataa. Alikunywa, akazidi kuiva, akawa anahema kidogo na kujipepea kwa orodha ya vyakula. Ndipo nami nikaongeza langu. Nilimwambia: "Usiogope, utazoea. Mwili hufundishwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Sikuitoa hewani. Nimekulia Kibosho, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, ambako mbege, pombe yetu ya ndizi, haikosekani katika jambo lolote la ukoo. Nimeona bibi zangu wakipika ndizi mbivu, wakichanganya na kimea cha ulezi, wakitia uchungu wa magome ya msesewa. Nimeona kata ikipita mkono kwa mkono kuanzia kwa mzee mkubwa. Kijana aliyekunja uso kwa funda la kwanza aliambiwa atazoea, na kweli alizoea. Kwetu mtu ana kichwa chepesi au kichwa kigumu, basi. Tunazungumzia macho mekundu, lakini hayo ni ya mtu aliyekwisha kunywa sana au kukesha. Uso kuwaka kwa nusu glasi ni jambo ambalo ngozi zetu nyingi zisingelionyesha hata kama lingekuwepo. Nilichukua kipimo cha Kibosho nikakiweka kwenye mwili wa mtu wa Yokohama.

Mwaka uliofuata wauguzi wa kituo cha afya cha chuo walikuja kuzungumza na wanafunzi wapya, nasi wa zamani tukaalikwa. Vyuo vingi vya Japani hufanya hivyo kila Aprili, kwa sababu ndicho kipindi ambacho vijana hunyweshwa kwa kupigiwa makofi na kuimbiwa, na kuna wanaokufa. Muuguzi aligawa vipande vidogo vya pamba vilivyoloweshwa spiriti na plasta. Unabandika upande wa ndani wa mkono, palipo na ngozi laini. Dakika saba unabandua na kutazama. Unasubiri dakika kumi nyingine, unatazama tena. Pakiwa pekundu mara tu unapobandua, mwili wako hauwezi pombe kabisa. Pakija kuwa pekundu baadaye, unaiweza kwa shida. Pasipobadilika, unaiweza, jambo ambalo, alisisitiza, halimaanishi kwamba ni salama kwako.

Alipofika kwangu aliinama, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu, akauelekeza dirishani penye mwanga. Akasema kwa upole kwamba kipimo hiki kilitengenezwa kwa ngozi za watu wa kwao. Mbele yangu waliketi wasichana wawili, mmoja ana doa jekundu kama sarafu, mwingine hana kitu. Walikuwa marafiki, wa mji mmoja. Hapo nikaelewa kwamba kinachozungumzwa si mazoea. Ni kitu mtu anazaliwa nacho.

Baada ya kikao nilimfuata muuguzi, akanichorea kwenye karatasi. Nyumbani nikaendelea kusoma mpaka usiku.

Pombe ikiingia mwilini, ini huishughulikia kwa hatua mbili. Kimeng'enya cha kwanza, yaani protini inayobadilisha kemikali mwilini, huigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi. Hicho ni sumu, kikali kuliko pombe yenyewe. Kimeng'enya cha pili, ambacho wanasayansi hukiita ALDH2, huikamata sumu hiyo na kuigeuza kuwa asetati, jamaa ya siki, ambayo mwili huitumia kama nguvu. Kwa wengi wetu hatua ya pili huenda mbio kiasi kwamba sumu haipati nafasi ya kurundikana. Kwa Kenji hatua hiyo imekwama. Sumu inajaa kwenye damu, inazichokoza chembe zinazoachia histamini, kemikali ya kutanua mishipa, basi mishipa midogo inatanuka, damu inafurika usoni. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, tumbo linachafuka. Zaidi ya hayo, watu wengi wa Asia ya Mashariki wana kimeng'enya cha kwanza chenye kasi kuliko kawaida, kwa hiyo sumu inatengenezwa haraka huku inaondolewa taratibu.

Maana yake Kenji hakuwa amelewa. Sote pale mezani tulimwona mlevi wa nusu glasi, kumbe akili yake ilikuwa timamu kuliko zetu. Alikuwa ametiwa sumu, na uso wake ulikuwa unatangaza.

Chanzo ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni, yaani maagizo ya urithi, ya kutengeneza kimeng'enya cha pili. Wanasayansi wanaielekeza asili yake China ya kale, ikasambaa na vizazi. Mwaka 1972 daktari Peter Wolff wa Marekani alichapisha uchunguzi kwamba Wajapani, Wataiwani na Wakorea wengi huiva uso kwa kiasi kidogo mno cha pombe, na alikuta hali hiyo hata kwa watoto wachanga, ambao hali yao haiwezi kuelezwa kwa mazoea. Leo inakadiriwa kwamba watu milioni 540 hivi duniani wana jeni hiyo iliyobadilika, kama asilimia 8 ya wanadamu. Karibu wote asili yao ni Asia ya Mashariki: China, Japani, Korea, na hasa Taiwan. Sisi Waafrika hatuna, au ni nadra mno. Mzungu anayeiva mashavu kwa mvinyo mara nyingi ana sababu nyingine, kwa mfano maradhi ya ngozi, au mishipa iliyotanuka kwa pombe tu.

Kuna jambo moja hapa lililonichukua muda kulielewa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ungedhani mwenye nakala moja mbovu atakuwa na nusu ya nguvu. Hapana. Kimeng'enya hiki hufanya kazi kikiwa vipande vinne vilivyoungana, na kipande kibovu huharibu kazi ya vile vizima. Kwetu mlimani, gari lilipokuwa halifiki, mgonjwa alibebwa kwa machela na watu wanne hadi barabarani. Mmoja akiteleza, machela yote inayumba, hata watatu wawe na nguvu kiasi gani. Ukivichanganya vipande vizima na vibovu nusu kwa nusu, ni mara 1 tu kati ya 16 utakapopata vinne vyote vizima. Ndiyo maana mwenye nakala moja mbovu hubaki na nguvu kidogo mno, mbali na nusu.

Mwenye nakala mbili mbovu hana hata hiyo kidogo. Huyo akijaribu pombe anaugua mara moja, na kwa kawaida hairudii. Wajapani wana neno la zamani kwa asiyekunywa, geko, na nadhani wengi waliobeba jina hilo kwa karne nyingi walikuwa watu wa namna hii. Mama yake Kenji haigusi pombe, hata ile ya sherehe ya mwaka mpya. Yeye amelindwa na mwili wake. Hatari iko kwa wa katikati kama Kenji, ambaye mwili unamwonya lakini haumkatazi.

Hatari yenyewe ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Nilipolisoma neno hilo niliifunga kompyuta.

Baba yangu mkubwa alikufa kwa saratani ya umio mwaka 2011. Ilianza na ugali. Alisema unakwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye akaacha nyama, akabaki na mtori. Zahanati aliyokwenda kwanza walimpa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza miezi minne. Mtu aliyekuwa akipanda na kushuka mteremko wa kihamba na mkungu wa ndizi begani akawa anaketi barazani na kikombe cha uji, ananywa kijiko, anangoja, anasikilizia kama kimepita. Alipofikishwa hospitali kubwa hakukuwa na la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Siku za mwisho hata mate yalikuwa hayapiti. Nilimshikia kibakuli.

Kwake haikuwa jeni ya Kenji. Ugonjwa huu ni mwingi katika ukanda mrefu wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia, Kenya na Tanzania kuteremka Malawi hadi Afrika Kusini, na sababu zake kwetu bado zinachimbuliwa. Pombe imo, tumbaku imo. Chai ya moto sana imo pia: watafiti waliopima chai Kilimanjaro, wakachapisha mwaka 2015, walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi, na mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Baba mkubwa alikuwa akisema chai isiyounguza si chai. Lakini kifo ni kile kile, na kooni ni pale pale. Usiku ule nilikuwa nikimfikiria Kenji na nikamwona ameketi kwenye baraza ile.

Shirika hilo hilo mwaka 2009 liliiweka asetaldehaidi inayotokana na unywaji pombe katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna shaka vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo Philip Brooks wa Marekani, Akira Yokoyama wa hospitali ya Kurihama na wenzao waliandika wazi kwamba uso kuiva ni alama ya hatari ambayo madaktari wanaipuuza. Mwenye nakala moja mbovu anayekunywa yuko hatarini kupata saratani ya umio mara kadhaa kuliko mnywaji mwenzake asiye nayo, na kwa wanywaji wakubwa kuna tafiti zilizofika zaidi ya mara kumi. Sumu ile inazigusa chembe za umio kila siku, inaharibu vinasaba vyake, na hakuna wa kuisafisha kwa wakati.

Sasa nirudi kwenye kuzoea, maana ndiko nilikokosea.

Kenji alizoea. Nilipoondoka Japani mwaka 2017 alikuwa anamaliza glasi tatu na uso wake ukabaki karibu kama wa kila mtu. Tulimpongeza. Hata mimi nilimpongeza, pamoja na yote niliyoyasoma. Wekundu ukififia kwa mazoea, mtu huona mwili umejifunza. Kumbe kimeng'enya ni kile kile, hakikui kwa mazoezi, na jeni haibadiliki kwa kunywa. Kilichonyamaza ni kengele.

Kurihama iko Yokosuka, mwendo wa treni chini ya saa nzima kutoka Yokohama, na ndiko wodi ya kwanza ya Japani ya waraibu wa pombe ilikofunguliwa mwaka 1963. Daktari Susumu Higuchi na wenzake walipima jeni za wagonjwa wa miaka tofauti wakachapisha matokeo mwaka 1994. Mwaka 1979, kati ya Wajapani waliotibiwa kwa uraibu, wenye nakala moja mbovu walikuwa asilimia 2.5 tu. Mwaka 1986 walikuwa asilimia 8. Mwaka 1992, asilimia 13. Mwenye nakala mbili mbovu hakuonekana hata mmoja. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka 13. Kilichobadilika ni meza: kampuni, wakubwa, bia baada ya kazi, ukumbi wa pili baada ya ukumbi wa kwanza. Watu ambao miili yao iliwakinga na uraibu walisukumwa na watu wengine mpaka kinga ikavunjika. Sijui takwimu nyingine iliyowahi kunifanya nijitazame hivi.

Tena siku hizi kuna wanaomeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo kabla ya sherehe, zile zinazozuia histamini, ili wasiive. Zinafanya kazi, uso unabaki shwari. Sumu inabaki palepale, na mtu anakunywa zaidi kwa sababu hakuna kinachomzuia. Naliona jambo hili kuwa baya mno, na ninamwomba anayelifanya aliache.

Yeyote kwetu anayetaka kuhisi alichohisi Kenji, dawa ipo na ina historia. Miaka ya 1940 huko Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wanatafuta dawa ya minyoo. Wakaijaribu disulfiramu kwa kuimeza wenyewe, kisha wakanywa pombe kidogo kama kawaida yao, wakashangaa nyuso zinawaka, moyo unadunda, kichefuchefu. Dawa ilikuwa imekifunga kimeng'enya cha pili. Walichapisha mwaka 1948, na tangu hapo inatumika kwa jina la Antabuse kuwasaidia waraibu wanaotaka kuacha. Hata onyo la mfamasia wa Kariakoo, kwamba ukitumia Flagyl usiguse bia, linatokana na hofu ya hali hii hii, ingawa wanasayansi bado wanabishana kama Flagyl kweli huileta. Hebu fikiri: tunatengeneza dawa ili mlevi ajisikie vibaya kiasi cha kuacha, na kijana aliyezaliwa na dawa hiyo mwilini tunamwambia avumilie.

Nilikaa na haya zaidi ya mwaka mmoja baada ya kurudi, naona aibu. Kenji alikuwa ameajiriwa, kitengo cha mauzo, ambako kuwanywesha wateja na kunywa nao ni sehemu ya kazi hata kama haimo kwenye mkataba. Mwaka 2019 nikampigia kwa video. Kwake ilikuwa usiku, kwangu mchana, mama yangu anapita nyuma na sahani ya ndizi. Nikamweleza yote: umio, nakala moja, baba mkubwa, kibakuli. Nikamwambia samahani kwa neno la usiku ule wa kwanza.

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Neno lako nalikumbuka. Lilinipa moyo. Nilikuwa naona aibu na uso wangu." Kisha akasema habari ya jeni alishaisikia, wengi wanaijua, ila hakuna anayeitaja mkubwa wake akiwa na chupa mkononi. Ya umio hakuijua.

Hakuahidi kitu, nami sikumwomba ahadi. Ila nilimsihi jambo moja. Wenzetu hupimwa tumbo kwa kamera kwa ajili ya saratani ya tumbo. Nikamwambia, siku yako ikifika, mwambie daktari asipite umio haraka, asimame autazame vizuri, na umweleze kwa nini.

Miaka ikapita, tukawa tunatumiana salamu za mwaka mpya. Mapema mwaka huu akaniandikia ujumbe mrefu kuliko kawaida. Alikuwa amekwenda. Umio ni mzima, hakuna doa. Siku hizi ameacha bia. Katika vikao vya kazi anaagiza chai baridi ya oolong, ambayo ndani ya glasi haitofautiani sana na kinywaji, na anayemmiminia anammiminia hiyo.

Alisema daktari, kabla ya kuingiza kamera, alimuuliza maswali mawili, yale ambayo Yokoyama na wenzake waliyatunga kwa ajili ya kuwatambua watu kama yeye bila kupima damu. Kwanza, je, uso wako huwa mwekundu mara tu unapokunywa glasi ya bia? Akajibu hapana, si siku hizi. La pili, je, ulikuwa hivyo mwaka mmoja au miwili ya mwanzo ulipoanza kunywa?

Akajibu ndiyo. Daktari akaandika. Kenji akaniambia kwamba wakati daktari anaandika, yeye aliukumbuka usiku wenyewe, baa ya juu ya duka la vitabu, na mkono wangu begani mwake nikimuuliza kama yuko salama, kabla sijamwambia lile jingine.